Miaka Ambayo Mto Haukupimwa

Tusekile aliporudi Kyela na shahada yake ya hisabati, mama yake alichinja jogoo na kuita majirani. Walikula wali, wakamshukuru Mungu, kisha jirani mmoja akauliza jambo ambalo bila shaka wengi walikuwa nalo moyoni. Aliyesomea udaktari ni daktari, alisema, na aliyesomea sheria ni wakili. Huyu aliyesomea hisabati ni nani, na akiamka asubuhi anakwenda kufanya nini?

Mama yake, Yunis, hakumpa nafasi ya kujibu. Alisema binti yake atakuwa mwalimu wa sekondari, tena mkubwa. Watu wakaridhika. Tusekile alitabasamu, akaanza kukusanya sahani.

Ulikuwa mwaka 1992. Zamani kidogo, kijana akimaliza chuo kikuu Serikali ilimpangia kazi, apende asipende. Sasa hata waliokuwa kazini walikuwa wanapunguzwa, na waliomaliza waliambiwa soko ni huria, kila mtu ajitafutie. Wenzake wa darasani walikuwa wametawanyika. Mmoja aliajiriwa na kampuni ya bima, akawa anakokotoa watu wa umri fulani hufa kwa kiasi gani ili ijulikane mteja achangie nini. Mmoja alikuwa benki. Yule aliyekuwa hodari kuliko wote kwenye aljebra aliuza mitumba Kariakoo, na aliyemfuatia alipata nafasi ya kusoma Ulaya, asiandike tena. Tusekile alirudi kwao Talatala, akawa anamsaidia mama yake kuvuna na kukausha kokoa. Jioni alikaa barazani kwa kaka yake Tuntufye akimfundisha Asifiwe, binti wa kaka yake, kugawanya.

Kulikuwa na tawi moja la hisabati alilolipenda kuliko mengine, lile linalohusu mambo yasiyo na hakika: mvua, magonjwa, ajali, foleni za watu. Wenzake wengi waliipenda hisabati kwa sababu ilikuwa mahali pa kukimbilia, pasipo na shaka. Yeye alifurahi kujua kwamba hata shaka ina umbo lake, na kwamba mtu mvumilivu anaweza kulichora. Hilo ndilo alilotaka kufanya maishani. Katika mwaka ule wote wa kukausha kokoa hakuona mtu yeyote duniani anayelihitaji.

Kisha mradi ukaja.

Mto Lwambi unashuka kutoka milimani, unakata bonde na kuingia Ziwa Nyasa. Pande zote mbili udongo ni mweusi, na mpunga wa pale hunukia ukiwa bado shambani. Lakini tangu zamani watu walijenga juu kwenye mwinuko, bondeni wakashuka kulima tu na kuchunga, kwa sababu mto ule ulikuwa na tabia ya kutoka kitandani kwake. Wafadhili walitaka kujenga tuta refu la udongo kandokando ya mto ili maji yabaki ndani, na nyuma ya tuta wachimbe mifereji ya kumwagilia. Ofisi yao ilikuwa vyumba viwili vya kupanga Mbugani, nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Aliyeisimamia alikuwa Injinia Jubilate, Mpare wa makamo, mpole, asiyekula rushwa, aliyependa kazi ikianzwa imalizike. Alikuwa anatafuta mtu wa kumwambia tuta liwe na kimo gani. Mtu wa namna hiyo hakupatikana Mbeya kwa malipo aliyokuwa nayo. Mchungaji wa kanisa akamwambia kwamba kuna binti Talatala aliyesomea mambo hayo na anaanika kokoa.

Kwa hiyo Tusekile akapata kazi, na kwa mara ya kwanza mama yake akaelewa anachofanya. Anaupima mto, aliwaambia watu sokoni.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu kuieleza. Mtu hawezi kujua mto utapanda kiasi gani mwakani. Lakini akipata vipimo vya miaka mingi, anaweza kusema kimo hiki hufikiwa mara nyingi, kile mara chache, na kile kingine kwa nadra sana. Bajeti ya mradi ilitosha kwa tuta la kuzuia maji ambayo, kwa wastani, hupanda mara moja katika miaka ishirini. Kwa mashamba ya mpunga hicho ndicho kiwango kinachotumika. Mpunga ukizama mara moja katika miaka ishirini, mkulima atalia msimu mmoja na maisha yataendelea. Hakuna aliyefikiria nyumba, maana bondeni hakuna aliyelala.

Pale darajani, tangu enzi za Waingereza, kulikuwa na nguzo iliyochorwa mistari ya kupimia kina cha maji, na karani wa kuisoma. Injinia Jubilate alipata vipimo hivyo vyote kutoka Mbeya. Miaka kadhaa haikuwa na kitu. Tusekile aliuliza sababu. Jubilate akamwambia pengine miaka hiyo karani hakulipwa, pengine mwingine alistaafu kabla mrithi hajaja. Na wakati wa ile hali ngumu ya miaka ya themanini hata karatasi hazikuwepo ofisini. Lilikuwa jibu la kweli kwa ofisi nyingi za nchi hii. Tusekile akaiweka kando miaka ile, kama msomaji anavyoruka ukurasa uliochanika, akafanya kazi na iliyobaki. Aliirudia hesabu yake kwa njia tatu tofauti, na njia zote zikampa kimo kilekile. Alimpelekea Jubilate jibu kwa furaha.

Mkutano wa kijiji ulifanyika kwenye uwanja wa shule. Injinia alizungumza Kiswahili, na mwenyekiti wa kijiji, Mzee Hezroni, akawa anafasiri kwa Kinyakyusa kwa ajili ya wazee. Tusekile alikaa nyuma ya meza na wageni. Jubilate akasema, kama alivyoandikiwa, kwamba tuta litahimili maji yanayotokea kwa wastani mara moja katika miaka ishirini. Hezroni akawageukia watu wake, akasema kwa Kinyakyusa kwamba wataalamu wamepima, na kwamba mto hautatoka tena mpaka miaka ishirini ipite. Akaongeza, huku akimwonyesha Tusekile kwa mkono, kwamba aliyepima si mgeni, ni mtoto wao wenyewe.

Watu walipiga makofi. Tusekile alinyoosha kidole. Jubilate, ambaye hakujua Kinyakyusa na hakujua kilichotokea, alimwashiria asubiri, na mkutano ukaingia kwenye mambo ya zamu za kuchimba mifereji. Ukafungwa kwa sala.

Alimfuata Hezroni nyuma ya madarasa, akamwamkia kwa adabu, akamweleza. Si kwamba maji yatasubiri miaka ishirini, alisema. Kila mwaka yana nafasi moja katika ishirini, mwaka huu, mwakani, na mwaka unaofuata. Hayakumbuki yalikuja lini mara ya mwisho.

Mzee yule hakukasirika. Alikuwa mtu aliyewahi kuongoza ushirika hadi ukafa mikononi mwake, kisha akawaona vijana wa kijiji wakivuka mpaka kwenda Malawi kuuza sabuni kwa sababu nyumbani hapakuwa na kitu.

“Nimekusikia, mwanangu,” alisema. “Lakini watu hawachimbi mfereji kwa labda.”

Tusekile alikwenda kwa Jubilate, naye akaahidi kwamba jambo hilo litafafanuliwa kwenye mkutano mwingine. Mkutano mwingine ulihusu saruji.

Tuta likajengwa. Likawa kubwa na zuri, na juu yake magari yaliweza kupita. Hilo ndilo lililobadilisha mambo. Zamani mpunga ulinunuliwa na chama cha ushirika. Sasa walikuja wanunuzi binafsi na malori kutoka Ipinda na hata Dar es Salaam, na lori lilisimama pale barabara ilipofika, yaani juu ya tuta. Aliyekuwa karibu aliuza kwanza, kwa bei ya asubuhi. Aliyebeba gunia kichwani kutoka kule mwinukoni alikuta lori limejaa. Msimu haukuisha kabla mtu wa kwanza hajajenga kibanda chini ya tuta. Wa pili akajenga nyumba. Kijiji kikaanza kugawa viwanja.

Tuntufye alichukua kimoja. Alikuwa na mke, Felista, na watoto wawili, Asifiwe na mdogo wake aliyekuwa bado mgongoni. Kipande alichorithi kwa baba yao kilikuwa na migomba michache na mikokoa iliyozeeka. Tusekile aliposikia, alipanda baiskeli kutoka Mbugani siku hiyohiyo. Alimweleza kaka yake yale aliyomweleza Hezroni, na Tuntufye akamsikiliza mpaka mwisho. Hakuwa mjinga. Kwa akili alimpita dada yake. Ada ya shule ndiyo iliyotosha mtoto mmoja tu.

Ili aone vizuri, Tusekile alichukua kibuyu, akatia maharage meupe kumi na tisa na jeusi moja. Kila kuchota ni mwaka mmoja, alisema, na kila harage linarudishwa kabla ya kuchota tena. Akamwambia kwamba anayekaa bondeni miaka kumi ana hatari kubwa ya kulikuta jeusi, si mbali sana na nusu kwa nusu. Asifiwe aliomba achote yeye. Akachota jeupe, akarudisha, akatikisa, akachota jeupe. Aliendelea hivyo mpaka alipochoka, na jeusi halikutoka. Mtoto alicheka. Tuntufye naye akacheka, lakini kwa upole, kwa kuwa aliona uso wa dada yake.

“Nimeelewa, Tuse,” alisema. “Moja katika ishirini. Huku juu, kila mwaka tunalala njaa Februari na Machi. Hilo ni ishirini katika ishirini. Wewe ungekuwa mimi ungechagua lipi?”

Kwa hesabu ambayo Tusekile mwenyewe alimpa, uamuzi wa kaka yake haukuwa wa kipumbavu. Watu wengi wenye elimu huchagua hatari kubwa zaidi kwa faida ndogo zaidi.

Felista alimsindikiza hadi njiani. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, mzaliwa wa Ipinda, na hakuupenda mto.

“Wifi,” aliuliza, “wewe ungelala pale na watoto?”

“Hapana.”

Felista aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyepata alichokuwa anakitafuta. Alimwambia mumewe kwamba hataki. Walibishana kwa wiki kadhaa. Mama yao, Yunis, aliitwa kuamua, na Yunis akasema mke afuate mume wake, na kwamba mto umeshafungwa na wataalamu. Kabla ya mvua za mwaka huo wakawa wamehamia.

Mwaka wa kwanza ulikuwa mzuri. Tuntufye alivuna, akaezeka kwa bati, akamnunulia Asifiwe viatu vya shule. Alimpelekea Tusekile gunia la mchele ofisini Mbugani, akalitua mlangoni, akacheka. Tusekile alianza kulala vizuri. Alianza hata kuwaza kwamba woga wake ulikuwa wa kitabuni.

Masika ya pili mvua ilinyesha milimani kuliko bondeni, kwa hiyo watu wa chini hawakushtuka. Asubuhi moja ya Aprili, Tuntufye alikwenda Ipinda kununua magunia ya mavuno. Asifiwe alikuwa anajiandaa kwenda shule. Maji ya Lwambi yalifika usawa wa tuta, yakasimama hapo kwa muda kama yanafikiri, kisha yakaanza kumwagika juu yake sehemu moja, upande wa juu wa mto. Udongo ukalainika, tuta likakatika. Maji hayakuja kutoka mtoni kama watu walivyozoea. Yalikuja kwa nyuma, kutoka mashambani, na watu waliokimbia walikimbilia kwenye tuta, na tuta, lililokuwa linabomoka chini ya miguu yao, likawa ukuta uliowazuia, huku upande wa pili mto ukiwa umejaa. Nyumba za matofali mabichi ziliyeyuka. Waliomwona Felista walisema alimweka Asifiwe juu ya bati, akampa mdogo wake amshike, yeye akabaki chini akizuia nguzo ya baraza kwa mgongo. Kisha nyumba haikuonekana.

Tuntufye alirudi jioni na magunia yake kwenye baiskeli. Alikuta watu wamesimama kwenye mwinuko, na chini yao bonde limekuwa ziwa.

Felista na Asifiwe walipatikana, mmoja siku ileile, mwingine kesho yake, kwenye matete karibu na ziwa. Mtoto mdogo hakupatikana. Kijiji kilizika kwa wiki nzima. Wachungaji walipokezana makaburini, na mbao za majeneza zilikwisha, miili iliyobaki ikazikwa kwa mikeka.

Katika mazishi hayo Tusekile alikaa na wanawake, na polepole akaona nafasi upande wake wa kulia na wa kushoto inazidi kuwa pana. Hakuna aliyemtukana. Mwanamke mmoja aliyepoteza watu wawili alimwuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, mbele ya watu: “Si ulisema ishirini?” Hezroni alikuwa amesimama hapo. Aliinamisha kichwa. Aliyesema ni Tuntufye. Alitoka kwa wanaume, akapita katikati ya watu, akamwambia mwanamke yule kwamba dada yake alisema maji yanaweza kuja mwaka wowote, kwamba alimwonya yeye kwa mdomo wake, na kwamba alihama kwa akili yake mwenyewe. “Nilichagua mimi,” alisema. Kisha akarudi kukaa.

Maneno yale ndiyo yaliyomfanya Tusekile aweze kusimama siku zilizofuata. Na ndiyo yaliyomwumiza baadaye kuliko yote.

Maji yalipopungua, Jubilate alimwomba aende darajani kusoma kipimo, ili ripoti kwa wafadhili iseme mto ulipanda kiasi gani. Alikwenda kwa miguu, maana barabara haikuwepo. Daraja lilikuwa limebaki, limeinama, lakini nguzo ya kupimia haikuwepo. Gogo kubwa la mti lilikuwa limeing'oa na kuondoka nayo. Karani alikuwa amekimbia na familia yake siku moja kabla. Tusekile alifungua karatasi kuandika kipimo cha mwaka huo, na hakukuwa na cha kuandika. Mwaka ule ungebaki mtupu.

Alikaa kwenye jiwe la daraja. Ile miaka mingine mitupu ilimjia mmoja mmoja, na safari hii haikuja kama kurasa zilizochanika.

Hakwenda ofisini. Alikwenda kwa mama yake, akamkuta jikoni, akamwuliza ni miaka gani mto ulipanda sana. Yunis hakujua miaka kwa namba. Alikumbuka kwa kuzaliwa na kufa. Maji yalikuja mwaka alipomzaa Tuntufye, alisema. Alikuwa ameshuka shambani bondeni, akajifungua juu ya uchaga wa mahindi huku wanawake wamesimama ndani ya maji hadi mapajani. Yalikuja mwaka aliokufa bibi mzaa baba, wakashindwa kumzika kwao. Yalikuja mwaka mmoja au miwili kabla ya vita vya Uganda, yakamchukua ng'ombe wa mahari. Tusekile alikuwa amezisikia habari hizo tangu utoto, kama mtoto anavyosikia hadithi za shida za wazazi. Hakuwahi kufikiri kwamba ni vipimo. Mwaka aliozaliwa Tuntufye haukuwa na kitu kwenye zile karatasi. Wala ule wa bibi. Wala ule wa ng'ombe.

Karani alilipwa vizuri tu miaka hiyo. Mto ulipokuwa mkubwa kuliko kawaida, uling'oa nguzo, ukamfukuza karani, na mwaka ukaingia ofisini mtupu. Yeye alikuwa ameitupa ile miaka mibaya yote na kuupima mto kwa miaka yake ya upole. Aliirudisha hesabuni, akakokotoa upya hapohapo jikoni, kwa kijiti, juu ya majivu. Maji ya kupita tuta hayakuwa ya mwaka mmoja katika ishirini. Yalikuwa ya mwaka mmoja katika sita, pengine mitano.

Mama yake alimwuliza ameona nini. Alifuta majivu kwa kiganja.

Jubilate alipoambiwa alifunga mlango wa ofisi. Hakuwa mtu mbaya. Alisema lilikuwa kosa ambalo yeyote angelifanya, na kwamba yeye ndiye aliyempa ile habari ya mshahara wa karani. Kisha akamweleza upande wa pili. Wafadhili wanasubiri ripoti. Ikisema kwamba mvua ilikuwa ya ajabu, isiyotarajiwa kwa miaka mia, watatoa fedha za kujenga tuta upya na kuwasaidia waathirika. Ikisema hesabu ilikuwa na kasoro tangu mwanzo, watafunga ofisi. Alimwomba afikirie ni lipi linalowafaa watu.

Tusekile alifikiria siku kadhaa. Alijua tuta lingejengwa kwa kimo kilekile, kwa sababu fedha zilikuwa zilezile. Alijua kwamba watu wangesikia miaka mia na kurudi bondeni kabla matope hayajakauka. Akaandika ukweli, ukurasa mmoja. Kabla ya kuupeleka alikwenda kwa kaka yake.

Tuntufye alikuwa amerudi kuishi kwa mama yao. Alikuwa nje anapasua kuni, kazi aliyoifanya siku nzima hata kuni zilipokuwa nyingi. Tusekile alimwambia yote: nguzo, miaka mitupu, ishirini iliyokuwa sita. Alimwambia bila kujitetea, kwa Kinyakyusa, ili pasiwe na neno la kujificha nyuma yake.

Tuntufye aliweka shoka chini.

“Kwa hiyo,” alisema, “sikuchagua.”

“Kaka...”

“Nilikuwa najiambia nilichagua. Felista alikataa, mimi nikachagua. Nilikuwa nimeshika hilo.” Alimtazama, na hakukuwa na hasira usoni mwake. “Ungeniambia sita, Tuse, nisingehama. Kwa sita mtu hahami.”

Aliingia ndani. Tusekile alibaki uani mpaka mama yake akaja kumshika mkono.

Ripoti ilipelekwa. Mkutano wa kijiji uliitishwa kwa mara nyingine pale shuleni, na safari hii Tusekile aliomba asimame mwenyewe, bila mfasiri. Alieleza kosa lake kwa maneno mepesi mpaka wazee waliokaa nyuma wakaelewa. Hakuna aliyepiga kelele. Watu waliondoka wawili wawili, na wengi hawakumuaga. Hezroni alikuwa wa mwisho. Alisema naye ana sehemu yake kwenye jambo hili, na kwamba angependa kama ingewezekana wagawane. Alijiuzulu uenyekiti kabla mwaka haujaisha.

Mradi ulifungwa. Jubilate alirudishwa Dar es Salaam, kisha jina lake likawa kwenye orodha ya waliopunguzwa. Tuta lililokatika halikuzibwa tena. Ng'ombe walilipanda na kulishuka mpaka likawa kilima cha kawaida. Familia nyingi zilirudi juu. Chache zilijenga tena bondeni, palepale, zikijua ni moja katika sita, kwa sababu huko juu hazikuwa na ardhi. Tusekile alikwenda kuzisihi nyumba kwa nyumba. Zilimpokea vizuri, zikampa kiti na ndizi, na hazikuhama.

Alipata kazi ya mkataba Mbeya, kwenye ofisi ya maji. Huko alifanya kazi ileile kwa mito mingine, akajulikana kuwa msumbufu: kabla ya kukokotoa chochote alisafiri hadi vijijini kuuliza wanawake walijifungua wapi na lini. Wakubwa walilalamika kuhusu mafuta ya gari. Baadhi ya mahesabu yake yalifanya madaraja yawe ghali, na baadhi ya madaraja hayo hayakujengwa kabisa. Hakuna mtu anayeweza kusema aliokoa nani. Kazi hiyo haionyeshi waliookoka.

Tuntufye alivuka mto Songwe, mpakani, akaenda Karonga, Malawi, kwa ndugu wa mama yao. Tusekile alimtembelea mwaka 1997. Alimkuta anaishi peke yake, analima mihogo na kuuza mafuta ya taa, nywele zimeanza mvi. Alimpokea, akampikia yeye mwenyewe samaki, akauliza hali ya mama na bei ya kokoa. Walizungumza mpaka jua likageuka. Hawakutaja bonde, wala mto, wala jina la mtu yeyote aliyelala huko, na Tusekile alielewa kwamba ndivyo kaka yake alivyoweza kumruhusu akae barazani pake.

Alimsindikiza hadi mpakani. Walisimama kando ya barabara, waendesha baiskeli wakipita na mizigo ya sukari, na Tuntufye akamshika mkono kwa muda.

“Ndaga, umekuja,” alimshukuru kwa Kinyakyusa. “Ukija tena uje kiangazi. Masika siwezi kukaa na mtu.”

Kisha akageuka akaenda zake.